Maneno magumu ya Kiingereza shuleni: mwongozo kamili wa kujifunza msamiati usiopotea

Binti mmoja wa kidato cha pili aliniletea daftari lake la kaunta. Kila ukurasa ulikuwa na mstari katikati: kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Maneno zaidi ya mia nne, mwandiko mzuri, kalamu za rangi mbili. Nikamtajia "mitigate". Akajibu papo hapo: kupunguza. Nikamwomba sentensi moja tu. Akafikiri, akaandika: "I mitigate sugar in my tea."

Maana aliijua, neno hakuwa nalo. "Mitigate" hupunguza makali ya jambo baya: athari za ukame, madhara ya mafuriko, hatari ya moto. Sukari kwenye chai ina neno lake, "reduce". Daftari lile halikumwambia hivyo, kwa sababu lilimpa neno moja la Kiswahili kando ya neno moja la Kiingereza, basi.

Nimeona madaftari ya namna hii mengi, na wenye nayo ni wanafunzi wanaopiga msuli kwelikweli. Mwongozo huu ni wao, hasa waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza wakakuta Biolojia, Jiografia na Historia zote zimegeuka Kiingereza.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi mbili za manila. Kata kila moja vipande vya ukubwa wa kiganja.
- Boksi la viatu, na vipande viwili vya boksi jingine vya kuligawa vyumba vitatu.
- Kamusi mbili. Moja ya Kiingereza kwa Kiswahili, kama ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili). Ya pili ni ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi, yenye sentensi za mfano. Kama huna uwezo wa kununua, ya pili itumie maktaba au iazime kwa mwalimu.
- Karatasi za mitihani iliyopita ya masomo yako.
- Penseli, na daftari moja dogo la kukaa mfukoni.
- Dakika 25 kwa siku: 10 asubuhi, 15 jioni.

Simu inasaidia kwa matamshi, lakini si lazima. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, na hatua zote hapa zinafanyika bila hiyo.

## Hatua ya 1: Chagua maneno yanayokulipa

Usianze kamusi kwenye herufi A. Utachoka kabla ya kufika B, na maneno mengi utakayojifunza hutayaona tena. Chukua maneno kutoka makapu matatu, kwa mpangilio huu.

Kapu la kwanza: maneno ya amri kwenye mtihani. Haya hayazidi ishirini, na ndiyo yanayopoteza alama nyingi kuliko yote. Mwanafunzi anajua jibu, ila hakuelewa ameagizwa nini.

Angalia "account for". Swali linasema: "Account for the abolition of slave trade in East Africa." Wengi wanaona "account", wanakumbuka hesabu au akaunti ya benki, kisha wanaanza kusimulia biashara ya utumwa ilivyokuwa: misafara, Bagamoyo, soko la Zanzibar. Kumbe "account for" ni kutoa sababu. Mtahini anataka kwa nini biashara ile ilikomeshwa. Kurasa mbili nzuri za masimulizi zinaweza kuambulia alama chache mno. Na usichanganye na "give an account of", ambayo ndiyo hasa inayotaka masimulizi.

Mengine ya kuanza nayo: "outline" ni kutaja hoja kuu kwa ufupi. "Distinguish" ni kuonyesha tofauti hoja kwa hoja, siyo kueleza kitu cha kwanza chote, halafu cha pili chote. "Justify" ni kuunga mkono kauli uliyopewa kwa hoja, hujaombwa kuipinga. "Assess" ni kupima uzito, kwa hiyo jibu lenye upande mmoja halijakamilika. "Illustrate" ni kufafanua kwa mifano au kwa mchoro.

Kapu la pili: maneno ya kitaaluma yanayozunguka masomo yote. Mfano "significant", "derive", "factor", "consist", "vary", "establish". Hayamo kwenye mazungumzo ya sokoni, wala si istilahi za somo moja, kwa hiyo hakuna mwalimu anayeona ni kazi yake kuyafundisha. Mwaka 2000 mtaalamu wa lugha Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya koo 570 za maneno ya aina hii (ukoo ni neno pamoja na yanayotokana nalo), baada ya kuchambua maandishi ya kitaaluma ya sanaa, biashara, sheria na sayansi. Orodha hiyo inaitwa Academic Word List, inapatikana bure intaneti, na imepangwa kuanzia yanayotokea mara nyingi zaidi. Ukijifunza matano kwa siku, siku tano kwa wiki, unaimaliza ndani ya wiki 23.

Kapu la tatu: istilahi za somo. "Osmosis", "weathering", "mercantilism". Hizi mwalimu wa somo anazieleza darasani, kwa hiyo ziongeze kadiri topiki inavyokwenda.

*Angalizo:* maneno matano kwa siku, saba yakizidi sana. Anayeanza na thelathini huacha siku ya nne.

*Umefanikiwa ukiwa* na orodha ya maneno 25 ya wiki hii, na unaweza kusema kila moja umelitoa kwenye swali gani au ukurasa gani.

## Hatua ya 2: Kisia kwanza, kamusi baadaye

Soma sentensi nzima lilimo neno. Andika kwa penseli unachodhani maana yake ni nini. Ndipo ufungue kamusi.

Sababu ni mbili. Akili iliyojiuliza swali hulishika jibu kuliko akili iliyoletewa jibu kabla ya kuuliza. Pia ndani ya chumba cha mtihani kamusi haipo. Kukisia ndiyo silaha utakayobaki nayo, na inataka mazoezi.

Anza na kamusi ya Kiswahili upate maana, kisha nenda kwenye ya Kiingereza uone neno linavyotumika. Ukiishia kwenye ya kwanza utarudi kwenye sukari ya chai.

## Hatua ya 3: Andika kadi

Hapa usiharakishe. Kadi mbovu itakufundisha kosa, na utalirudia mwezi mzima.

Upande wa mbele andika maana kwa Kiswahili, kwa maneno kadhaa, usitafute neno moja la kulingana. Upande wa nyuma andika neno la Kiingereza, matamshi yake, ukoo wake, marafiki zake, na sentensi mbili: moja ya mfano, na moja uliyoitunga mwenyewe.

Hii ni kadi ya "deplete" ilivyokamilika:

*Mbele:* kutumia au kupunguza kitu mpaka kinakaribia kwisha: samaki, rutuba, akiba ya fedha.

*Nyuma:*
- deplete (di-PLIIT)
- Ukoo: depletion, depleted
- Marafiki: deplete resources, deplete fish stocks, ozone depletion
- Sentensi: "Dynamite fishing has depleted fish stocks along our coast."
- Yangu: "My school fees depleted my father's savings."

Kwa nini Kiswahili kiwe mbele? Kwa sababu ndani ya mtihani wazo linakuja kwanza kwa Kiswahili, na kazi yako ni kulivuta neno la Kiingereza. Zoezi lifanane na kazi yenyewe.

Kuhusu ukoo. Hili mwenye Kiswahili analijua tangu tumboni. Kutoka "soma" tunapata somo, msomaji, usomaji, someka, somesha. Kiingereza nacho kina mnyambuliko wake: "produce", "product", "producer", "production", "productive", "productivity". Neno moja linakupa sita. Angalia miisho: "-tion", "-ment" na "-ity" kwa kawaida ni majina, "-ive" na "-ous" ni sifa, "-ly" mara nyingi huonyesha namna jambo linavyofanyika. Ukizishika hizi, hutaandika tena "Tanzania is development country" badala ya "developing country".

Kuhusu marafiki. Sisi tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga mswaki, na hakuna kinachoumia. Mgeni akisema "ninafanya pasi" tunamwelewa, lakini tunajua ni mgeni. Maneno ya Kiingereza nayo yana wenzake wa kudumu: "play a role", "pose a threat", "conduct research", "draw a conclusion", "raise awareness". Jifunze kifurushi kizima kama ulivyojifunza "piga pasi". Usikitafsiri kipande kwa kipande.

Vineno vidogo vinavyofuata kitenzi ni sehemu ya kifurushi pia. Sisi husema kujadili kuhusu jambo, ndiyo maana tunaandika "discuss about", wakati "discuss" haihitaji "about" kabisa. Vilevile "emphasize" haiitaki "on". Hatari kubwa kuliko zote ni "result in" na "result from". Ya kwanza ni kusababisha, ya pili ni kutokana na. Ukiandika "Deforestation results from soil erosion" umesema ukataji wa misitu unatokana na mmomonyoko wa udongo. Jibu zima limesimama kichwa chini miguu juu, na mtahini hawezi kukupa alama kwa kile ulichokusudia.

*Angalizo:* kuna maneno yetu ambayo kwa Kiingereza hugawanyika. "Kuazima" ni "borrow" kwa anayepokea, na "lend" kwa anayetoa. Ukigundua neno la namna hii, andika kadi mbili, na kwenye kila moja taja nani anafanya nini.

*Umefanikiwa ikiwa* mtu akiisoma sentensi yako bila lile neno jipya anaweza kukisia ni neno gani limeondolewa. "I saw a depleted thing" haimfundishi mtu chochote.

## Hatua ya 4: Litamke kwa sauti

Neno usiloweza kulitamka utaliogopa kulitumia, na mwalimu akilisema darasani hutalitambua.

Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, na mkazo karibu siku zote uko silabi ya pili kutoka mwisho. Mazoea hayo tunayahamishia kwenye Kiingereza. Tunasema "econOmy" badala ya "eCOnomy", "anaLYsis" badala ya "aNAlysis", "envirONment" badala ya "enVIronment". Usidhani ni jambo dogo. Hata kwetu barabara ya kupita magari na kufanya jambo barabara zinatofautishwa na mkazo peke yake.

Kwenye kamusi ya Kiingereza, tafuta kijimstari kidogo kilichosimama juu ndani ya matamshi. Silabi inayofuata kijimstari hicho ndiyo yenye mkazo. Iandike kwa herufi kubwa kwenye kadi yako, kisha sema neno mara tano kwa sauti ya kusikika. Kumbuka pia herufi zisizosema: "b" ya "debt" haitamkwi, na "determine" inaishia "min", siyo "main".

## Hatua ya 5: Livunje neno refu

Neno "photosynthesis" linatisha mpaka ukumbuke Kiswahili chake: usanisinuru. Usanisi, na nuru. "Photo" ni nuru, "synthesis" ni usanisi. Waliounda istilahi yetu walifuata njia ileile, kwa hiyo neno la Kiswahili ni ufunguo wa lile la Kiingereza.

Weka vipande hivi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mfukoni:

- bio: uhai
- geo: dunia, ardhi
- hydro: maji
- hygro: unyevu
- thermo: joto
- micro: dogo sana
- sub: chini ya
- inter: baina ya
- logy: elimu ya
- meter: kipimo
- cide: kuua
- vore: kula

Kwa vipande hivi tu, "insecticide", "herbivore" na "thermometer" zinafunguka zenyewe. Na wale wanaochanganya "hygrometer" na "hydrometer" kwenye Jiografia wanapata pa kushikilia: hali ya hewa inapimwa unyevu, kwa hiyo ni "hygro".

*Angalizo:* vipande ni vya kukisia, siyo vya kuapia. "Inflammable" maana yake inashika moto haraka, na "invaluable" ni chenye thamani kubwa mno. Kisia, halafu hakiki.

## Hatua ya 6: Boksi na ratiba

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu wanasoma orodha upya badala ya kujiuliza. Jicho likiliona neno linasema "hili nalijua". Ni kweli linalitambua. Lakini kumtambua jirani na kukumbuka jina lake ni mambo mawili.

Tangu majaribio ya mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, yaliyochapishwa mwaka 1885, inajulikana kwamba kusahau huenda mbio mwanzoni, kisha hupungua kasi. Kwa hiyo neno jipya linahitaji kukumbushwa mapema, na baadaye kwa nafasi inayozidi kupanuka. Boksi linakufanyia kazi hiyo.

Chumba cha kwanza unakipitia kila siku. Cha pili, kila baada ya siku tatu. Cha tatu, kila Jumamosi.

Toa kadi, soma Kiswahili, sema neno na uliandike kwenye karatasi chakavu kabla ya kugeuza. Ukipatia, pamoja na herufi zake zote, kadi inasogea chumba kinachofuata. Ukikosa, hata kwa herufi moja, inarudi chumba cha kwanza. Kadi iliyopatiwa Jumamosi tatu mfululizo inatoka, unaifunga kwa mpira na kuipitia mara moja kwa mwezi.

Usijihurumie. Kadi ikirudi nyuma hujashindwa. Boksi limekuonyesha neno lililokuwa linakudanganya.

Nataka mzazi asome hapa. Hata kama hujui Kiingereza, unaweza kumsaidia mwanao vizuri sana. Shika kadi, msomee upande wa Kiswahili, yeye aseme neno na ataje herufi moja moja huku wewe unafuatilia upande wa nyuma. Nimemwona mama mmoja akifanya hivyo huku anasubiri chapati igeuke. Kwa dakika kumi walipitia kadi kumi na nane, na mtoto alikosa tatu. Zile tatu akaziweka pembeni ya jiko, wakazirudia baada ya kula.

*Umefanikiwa ukiona* baada ya wiki nne kadi nyingi ziko chumba cha tatu au zimeshatoka. Chumba cha kwanza kikifurika, simamisha maneno mapya kwa siku nne na utoe yaliyopo.

## Hatua ya 7: Litie kwenye jibu

Chukua jibu lako la zamani la Historia au Jiografia lililosahihishwa. Pigia mstari "things", "bad", "good", "many", "big" na "make". Hayo ndiyo maneno tunayokimbilia tunapokosa neno lenyewe.

Mfano: "The colonialists took many things from Africa and made people poor."

Baada ya kuandikwa upya: "Colonial companies extracted raw materials from Africa and impoverished local communities."

Sentensi ya pili inaeleza nani, nini, na matokeo gani. Urefu ni uleule, ila kila neno sasa lina kazi.

Fanya aya moja kila Jumamosi, ukilenga kutumia maneno matatu ya wiki hiyo. Mpe mwalimu au mwenzako anayekuzidi aisome, umwulize swali moja: hapa neno hili limekaa sawasawa?

*Angalizo:* usibadilishe "use" kuwa "utilize" kwa sababu tu ni refu. Neno gumu ni la kutumia pale linaposema jambo ambalo jepesi haliwezi kulisema.

## Maneno yanayogoma

Kadi ikirudi chumba cha kwanza mara tano, usiendelee kuipiga. Ichane, andika nyingine yenye sentensi tofauti, ikiwezekana inayohusu mtu unayemjua, na mchoro mdogo pembeni.

Mara nyingi tatizo ni pacha. "Adopt" na "adapt", "affect" na "effect", "economic" na "economical": ukijifunza yote mawili siku moja yanachanganyikana. Jifunze la kwanza mpaka lifike chumba cha tatu, ndipo ulete la pili.

Zikibaki wiki mbili kabla ya mtihani, acha kuongeza kadi. Pitia boksi lote. Kisha chukua karatasi za mitihani iliyopita, na kwa kila swali andika kwa Kiswahili, kwa mstari mmoja, umeagizwa kufanya nini. Usijibu swali, andika agizo tu. Maswali ishirini kwa siku yanatosha, na maneno ya amri unayokosea yarudishe chumba cha kwanza.